Nani Kapiga?

Wapenzi wa jazi hutambuana kwa swali. Wimbo ukianza, msikilizaji wa kawaida huangalia kama unamfaa, acheze au akae. Mwenye ugonjwa wa jazi hutega sikio chini kabisa, kule besi inakotembea, kisha huuliza: nani kapiga? Ukimjibu, hujamaliza. Atataka kujua ilikuwa mwaka gani, studio gani, na kama mpiga ngoma ni yuleyule wa santuri iliyotangulia au ni mwingine aliyeshikia nafasi tu.

Swali hilo huwachosha wenye nyumba, lakini limeuokoa muziki mwingi. Zamani lebo ya santuri ya jazi ilibeba jina la kiongozi wa bendi, basi. Waliobaki walikuwa vidole na mapafu yasiyo na wenyewe. Mwaka 1936 Charles Delaunay, kijana wa Paris aliyekuwa na miaka 25, alichapisha orodha ya santuri za jazi pamoja na watu waliopiga ndani yake. Wapenzi wengine wakaifuata njia hiyo: wakalinganisha milio, wakawatafuta wanamuziki wazee, wakajaza nafasi zilizoachwa wazi. Wanamuziki weusi wa Marekani, ambao hoteli nyingi ziliwaruhusu kupiga jukwaani lakini si kulala vyumbani, wakapata angalau mahali pamoja ambapo majina yao yaliandikwa kwa ukamilifu.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kutabasamu tunaposoma orodha hizo. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi *Uhuru Afrika*, na ndani ya santuri hiyo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika akisoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa *Mwandishi*, na kila mpigaji wa kikundi chake alikuwa na jina la Kiswahili: Hancock mwenyewe ndiye Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Watu wale walivuka bahari kwa mawazo kuja kuazima majina kwetu. Miaka hiyohiyo sisi, huku nyumbani, tulikuwa tunayaacha ya kwetu yaanguke njiani.

Nikisema huku nyumbani, fikira yangu iko Walukuba.

Walukuba ni mtaa wa Jinja, Uganda, uliojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati mji ulipokuwa ukijiandaa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Bwawa lilizinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Umeme ukaleta viwanda vya nguo, shaba na chuma, na viwanda vikaleta watu: Wasoga wenyeji, Waganda kutoka ng'ambo ya mto, Wasamia, Wajaluo, Waluhya, Wateso, watu wa kaskazini. Cyril na Rhona Sofer, waliouchunguza mji huo na kuchapisha kitabu *Jinja Transformed* mwaka 1955, waliukuta uko katikati ya mabadiliko hayo. Kiswahili kilikuwa tayari mjini, katika kambi ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR). Kikaingia viwandani, sokoni na mahali pa pombe, kwa kuwa mtu wa Siaya na mtu wa Soroti walihitaji namna ya kutaniana.

Muziki nao ulikuja kwa njia zilezile zilizoleta watu. Reli ilivuka Nile pale Jinja mwaka 1931, na santuri zilisafiri kwa reli kutoka Mombasa na Nairobi. Wakaja wapiga gitaa wa Katanga. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwezi Februari 1952, aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakajitesa vidole wakimwiga. Zikaja rekodi za Equator Sound ya Nairobi, studio ambamo Charles Sonko wa Uganda alipiga na kuimba pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka. Ikaja benga ya Wajaluo, ikaja rumba ya Kongo, na bendi za Tanganyika zilizojiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz.

Sasa uliza lile swali letu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz anajulikana kutoka Mombasa hadi Mwanza. Ni nani aliyempigia ngoma katika wimbo unaoupenda kuliko zote? Bendi ya Afrigo ilianzishwa Kampala mwaka 1975, na sauti ya saksafoni ya Moses Matovu Mganda yeyote wa makamo ataitambua. Besi je? Najua wapo wanaoweza kujibu, lakini ni wachache, wana umri mkubwa, na majibu yao mengi hayajaandikwa popote. Kwenye lebo kuna jina la bendi, pengine la mtunzi. Wengine wote wamekuwa “na wenzake”.

Na hao bado wana bahati, kwa kuwa sauti yao ipo. Wapigaji wa mitaa kama Walukuba, waliotoka zamu ya kiwanda na kushika gitaa jioni, wengi wao hawakuwahi kuona kipaza sauti cha kampuni. Jazi inao mfano wake mashuhuri wa jambo hili. Buddy Bolden wa New Orleans anatajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki huo, lakini hakuna rekodi yake hata moja iliyopatikana. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na hakutoka hadi kufa kwake mwaka 1931. Tunamjua kwa kuwa wenzake walikuwa hai walipotokea wapenzi wenye daftari wakawauliza: ulikuwa ukisikia nini alipopiga? Sauti ilipotea, jina halikupotea. Hiyo si haba.

Tusidhani hata hivyo kwamba mashariki ya Uganda hakukufika mitambo ya kurekodia. Ilifika mapema. Hugh Tracey alipita Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarekodi Busoga pia, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyezaliwa Berlin na baadaye kuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi kati ya mwaka 1949 na 1954 akikusanya rekodi zaidi ya 1,500. Hao wawili walitusaidia kuliko tunavyokiri. Lakini rekodi za Wachsmann zilikwenda kukaa London, kwenye Maktaba ya Uingereza, na kwa zaidi ya nusu karne mjukuu wa mpigaji wa Busoga aliyetaka kumsikia babu yake angehitaji pasipoti na nauli ya ndege. Nakala zilirudi Makerere mwaka 2009, kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza na wenzake.

Kurekodi ni kuchagua, na kila chaguo lina kilichoachwa nje. Mpenzi wa jazi anaijua hatari hiyo kupitia kisa cha Dean Benedetti, mpiga saksafoni aliyempenda mwenzake wa ala hiyohiyo, Charlie Parker, hadi akamfuata klabuni na mtambo wa kurekodia. Miaka ya 1947 na 1948 alimnasa Parker usiku baada ya usiku, na rekodi hizo zilipotolewa hatimaye mwaka 1990 watafiti walishangilia. Ila Benedetti alikuwa na tabia moja: Parker akinyamaza ili mwenzake apige, yeye alizima mtambo. Tunacho alichokiabudu. Waliomzunguka, waliomfanya apige vile, wamekatwa katikati ya pumzi. Santuri ya siku za Tracey nayo ilibeba dakika zipatazo tatu kwa upande, kwa hiyo ngoma iliyozoea kwenda hadi jogoo awike ililazimishwa kuaga kabla haijapata joto. Anayesikiliza rekodi hizo leo anasikia kweli, lakini ni kweli iliyopunguzwa.

Fikiria basi embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga. Magogo, mara nyingine zaidi ya ishirini, hupangwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili mlio upate tumbo, na wapigaji kadhaa huketi pande mbili wakitazamana. Mmoja hutia pigo, wa pili hulijaza pengo la wa kwanza, wa tatu hutokeza sauti ambayo hakuna anayeipiga peke yake. Inazaliwa kutokana na mapigo ya wote. Mtu aliyelelewa na kwarteti ya mpiga saksafoni John Coltrane akisikia muziki huo hahitaji kufafanuliwa: ule usikivu ndio uleule, wa kila mtu kumwachia mwenzake nafasi kwa wakati wake. Kikundi cha Nakibembe kilitoa albamu mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes, na wapenzi wa Ulaya wakaandika sifa nyingi. Nilifurahi. Kisha nikafanya kama kawaida yangu, nikaanza kutafuta nani kapiga gogo lipi. Kikundi kina jina, nacho kimestahili. Ila kikundi ni watu, na mtu hufa na mkono wake.

Hapo ndipo uhifadhi wa muziki unapokuwa mgumu kuliko kuweka kanda kabatini. Kuna jina, kuna sauti, na kuna mkono unaojua kazi. Busoga imetufundisha jambo hilo kupitia bigwala, tarumbeta za vibuyu. Tano au zaidi hupigwa pamoja, kila moja ikiwa na noti moja tu, na wimbo hutokea kwa kupishana. Zilikuwa muziki wa ufalme, za kutawazwa na kuzikwa kwa wakuu. Katiba ya mwaka 1967 ilipofuta falme za Uganda, bigwala zilipoteza siku yao ya kupigwa. Hakuna aliyezipiga marufuku kijijini. Zilikosa tu mahali pa kwenda. UNESCO ilipoziandikisha mwaka 2012 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, mafundi wazee waliobaki walikuwa wanne.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa kwa kila mwenye mapenzi na muziki. Wazee wale walikutanishwa na vijana, na James Isabirye, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo. Mara ikaonekana kwamba ufundi peke yake hautoshi, kwa kuwa vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika. Muziki ukiacha kupigwa, hakuna anayepanda kibuyu cha tarumbeta. Ikabidi watu wa Busoga walime. Mbegu ilitiwa ardhini, mmea ukatunzwa, kibuyu kikakauka, kikakatwa na kuunganishwa, ndipo pumzi ya kwanza ya mwanafunzi ikapita. Tangu nilipokisoma kisa hicho, sijaweza tena kuamini kwamba faili ndani ya kompyuta ni mwisho wa kazi.

Nenda Mbale uone upande wa pili. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba huwatahiri vijana wao katika imbalu, na ngoma za kadodi hufunga barabara. Hakuna shirika linalohitaji kuziokoa. Mtoto wa Mbale hujifunza mapigo yake kwa kukimbia nyuma ya ngoma, na atakapokuwa mtu mzima, shughuli itamkumbusha alichokisahau. Muziki wenye siku yake hujihifadhi wenyewe. Nje kidogo ya mji huohuo, wakulima wa kahawa, Wayahudi wa Abayudaya, Waislamu na Wakristo, waliunda ushirika mwaka 2004, wakatunga nyimbo kuhusu kahawa na amani. Smithsonian Folkways ikazitoa kwenye albamu mwaka 2013. Kampuni hiyo ina desturi inayomtoa machozi mpenzi wa santuri: haiachi albamu yake hata moja iishe sokoni, hata kama wanunuzi ni watano, na kila moja huja na kijitabu cha maelezo.

Tungekuwa na taasisi za namna hiyo katika kila wilaya, ningenyamaza. Lakini hata taasisi tajiri si ngome. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la Universal huko Hollywood. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2019 kwamba miongoni mwa kanda asilia zilizoungua zilikuwamo za Armstrong, Ellington na Coltrane. Kampuni ilibisha ukubwa wa hasara, ila moto haikuukana. Linganisha na hili: tarehe 6 Machi 1963 Coltrane aliingia studio ya Rudy Van Gelder akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Kanda ya kampuni iliyomrekodi ilipotea. Nakala aliyoichukua Coltrane kwenda nayo nyumbani ilibaki kwa familia ya mkewe wa kwanza, Naima, na mwaka 2018 ikatoka kuwa albamu. Kampuni kubwa ilipoteza, nyumba ya watu ikatunza.

Nyumba za namna hiyo ziko Walukuba, ziko Masese, ziko Mbale. Kila mtaa wa wafanyakazi una mzee mwenye sanduku la kaseti: kwaya ya kanisa, harusi ya dada, bendi iliyopiga ukumbini usiku mmoja, nyimbo zilizonaswa kutoka redioni huku mtangazaji akiingilia kati. Ndani ya kaseti hizo kuna sauti ambazo hakuna maktaba ya London wala ya Chuo Kikuu cha Rhodes iliyozinasa. Na muda unakwisha. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya maktaba za sauti walionya kwamba ifikapo mwaka 2025 au hapo karibu, kucheza kanda za sumaku kutakuwa kazi ngumu mno, kwa kuwa mashine hazitengenezwi tena na mafundi wanastaafu. Mwaka huo umeshatukuta. Unyevu wa ziwa haungoji bajeti ya wizara, na kuvu ikishaota kwenye utepe haiombi ruhusa.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Vunja vile vijipande viwili vya plastiki kwenye mgongo wa kaseti ili mtoto asirekodi juu yake. Tafuta fundi mwenye deki nzima, asafishe kichwa chake kwa spiriti kabla ya kila kanda. Hamishia kwenye faili lisilobanwa, la aina ya WAV, kisha weka nakala katika nyumba mbili tofauti. Ile ya kutumiana kwenye simu ije baadaye. Usikate mtangazaji, usikate kikohozi, usikate mtoto anayelia. Hivyo ndivyo watakaokuja watakavyojua ni wapi na lini. Usifanye kama Benedetti.

Halafu kuna haki. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na inamtambua mpigaji, haiishii kwa mtunzi. Anayechukua kaseti ya mzee akaipandisha mtandaoni bila kumuuliza, kisha akahesabu senti za matangazo, hajahifadhi muziki. Amebadilisha mwizi tu. Muulize kwanza. Mwandikie alichokubali. Kikipatikana kitu, kimrudie yeye au watoto wake. Mapenzi ya muziki yasiyofika mfukoni mwa mwanamuziki yamekuwa laana ya jazi tangu mwanzo wake, na sisi hatuna sababu ya kuirithi pamoja na mengine.

Basi ndugu msomaji, kama una mjomba aliyepiga gitaa, shangazi aliyeongoza kwaya, au jirani aliyewahi kubeba ngoma za bendi, nenda kwake wiki hii na daftari na simu yenye chaji. Weka kaseti, msikilize pamoja. Mwache acheke, mwache akosoe. Kila ala inapoingia, simamisha kidogo umuulize: huyu ni nani, alitoka wapi, alijifunza kwa nani, yu hai? Andika majina yote mpaka la mwisho. Kisha mwombe akuonyeshe jinsi kidole kinavyokaa.